Yadi Sita za Patron

Mimi sikuzaliwa jana. Nilipopata nafasi ya majaribio mapokezi, kwenye ofisi ndogo ya mizigo ya mtoni hapa Kisangani, kabla ya kuuliza mshahara niliuliza wanawake wa pale wanavaa nini. Watu walicheka. Wacheke! Biro, yaani ofisi, inasoma nguo yako kabla ya diploma, na mkataba ule niliutaka kwa kufa na kupona.

Kwa hiyo nilichagua kwa macho manne. Sketi ya mitumba, bluu iliyokolea, nyumbani ilikuwa ya heshima kabisa. Lakini ukikaa nayo upande kwenye baiskeli ya toleka, teksi yetu ya hapa, inapanda magotini na barabara nzima inakusindikiza. Nikaiacha. Blauzi nyeupe niliishika dirishani, nikauona mkono wangu ng'ambo ya kitambaa. Nayo nikaiacha. Nikabaki na suruali nyeusi pana, shati la mikono mirefu, na koti ambalo fundi alilipunguza mabega. Tantine, mdogo wake mama ninayeishi kwake, alinizunguka kama anayekagua mbuzi sokoni.

"Bon," akasema. "Hapa hakuna mutu atapata pa kushikia."

Mkubwa wetu, wote tulimwita patron, alikuwa mtu wa manukato na sauti ya chini. Mwanzoni alinisalimu tu. Halafu akaanza kunisifu: koti, viatu, hata namna ninavyoshika simu. Mimi nilishukuru huku nikiangalia mlango uko wapi. Dalili ya mvua ni mawingu. Na kulikuwa na mtu niliyemshuku kuliko yeye: mama wa hesabu, mkongwe wa biro, ambaye kila patron aliposimama mezani kwangu alinitazama juu ya miwani, haongei, hacheki. Nikajisemea, huyu ndiye masikio yake.

Siku moja patron akaniita, akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na kikwembe, kitenge chetu, pisi nzima, yadi sita, kijani chenye maua ya njano, cha bei.

"Mademoiselle, hii iko ya kazi," akasema. "Vendredi, siku ya Ijumaa, wanawake wote wanavaa vikwembe hapa. Ushone, nikuone ndani. Jioni, wengine wakisha kwenda, tutaongea juu ya kontra yako, ule mkataba."

Ya kazi! Kwetu mwanamume asiye baba yako wala kaka yako hakupi kikwembe hivi hivi. Ukikivaa umejibu, na mtaa mzima unaanza kuuliza mahari inakuja lini. Ukikirudisha umejibu vilevile, na kesho mwingine anakalia kiti chako. Nilitoka na mfuko ule kwa hasira.

Tantine hakutaka hata kukigusa. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Urudishe."

"Na kazi je?"

Kazi ile ilikuwa inangojewa na nyumba nzima. Tulikaa tukikitazama kitambaa mezani. Mwishowe Tantine akasema polepole, "Kanisani, siye wamama tukivaa kikwembe kimoja, ni nani anauliza nani alimupa nani?"

Nikasimama. Asubuhi nilikuwa kwa fundi. Alipima, akakuna kichwa, akasema zitatoka libaya tatu, zile blauzi zetu za kikwembe, na kipande cha kufunga kichwani. Zaidi hapana.

Libaya moja nilimpa mama wa kesi, yule anayepokea pesa za wateja. Aliushika ule mshono, akaniangalia, akauliza neno moja tu: "Yeye?" Nikaitikia kwa kichwa. "Leta," akasema. Mama wa usafi alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Eh! Kumbe na miye patron ananipenda!"

Kipande cha kichwa nikampelekea mama wa hesabu, ingawa roho ilikataa. Kumruka kungeleta vita. Alikikunjua, akakitazama sana, akakikunja, akanirudishia.

"Sina lazima na kipande," akasema.

Mchana ule ule nilimwona akiingia kwa patron na kufunga mlango. Nikasema basi, nimekwisha. Ameniuza.

Ijumaa nilivaa libaya yangu juu ya suruali nyeusi. Tukasimama mapokezi sisi watatu, kijani kitupu. Patron akaingia na manukato yake, tabasamu tayari. Akaniona mimi. Akamwona mama wa kesi. Akamwona mama wa usafi na fagio lake, amejipamba mpaka hereni.

"Aksanti patron kwa uniforme!" mama wa usafi akapaza sauti, hata walio barabarani wakasikia. Madereva waliokuwa wakingoja mizigo wakapiga makofi. Patron alisema "bon", akasema tena "bon", akaingia ofisini kwake.

Hapo ndipo mama wa hesabu alipofika, na mimi nikapigwa na butwaa. Alikuwa amevaa kikwembe kilekile. Si kipande: libaya na maputa mawili ya kujifunga kiunoni, pisi nzima, maua yaleyale ya njano, ila yamefifia kwa kufuliwa, na mikono imevimba mabegani kwa mtindo ambao hakuna fundi anayeushona tena. Mama wa usafi aliacha kucheka.

Aliweka karatasi mezani kwangu. Ilikuwa kontra yangu, na sahihi ya patron chini.

"Siku ile nilifunga mlango, nilimukumbusha kwamba kikwembe alinipa miye zamani ningali nacho kwa sanduku," akasema. "Akasaini. Jioni usibakie hapa."

Nikamuuliza, kama karatasi ilikuwa imekwisha kusainiwa, kwa nini basi amekitoa sandukuni na kukivaa mbele ya watu wote?

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya liputa.

"Zamani nilikivaa peke yangu, mutoto wangu," akasema. "Leo nilitaka kukivaa na wengine."