Mdomo wa Mume Wangu Ndani ya Mvule

Mimi Driwaru sikuomba kuandika. Ritah, mjukuu wangu, ndiye amenibana. Amemaliza shule, iko na simu kubwa kama sahani, lakini karatasi ya kubandika karibu na sanamu ya babu yake ananiletea mimi, niliyejifunza herufi uzeeni kanisani. Ati, "Dede," yaani bibi, "wewe ndiye ulikuwepo." Kama ni kuwepo, mbuzi pia alikuwepo. Sawa, naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mume wangu alikuwa askari na kambi ilinifundisha, na wageni wanaopanda Arua Hill kutazama maonyesho wanatoka Kongo na Sudan, wote wanakisikia. Asiyependa mwandiko wangu afunge macho.

Mwanangu Aliga ni mchongaji. Sisemi fundi wa vitanda. Vitanda alitengeneza Koboko miaka kumi na miwili, na nani anakumbuka kitanda? Alirudi Arua mwaka ule baba yake alipofariki, akafungua kibanda Onduparaka, akaanza kuchonga vitu ambavyo hakuna mutu aliagiza. Alichonga mikono miwili ya mwanamke na kumbikumbi wanaruka kutoka viganjani, mabawa membamba mpaka mwanga unapita. Uso hakuna, lakini ukitazama unajua huyo mwanamke anacheka. Aliga ni hivyo. Anakaa na gogo siku nyingi, anapapasa mishipa yake, hashiki patasi mpaka ajue gogo limebeba nini.

Mwaka jana upepo uliangusha mvule wetu wa Dadamu. Aliga akachukua kipande cha shina, kirefu kama mutu, akasema atachonga baba yake akipiga cere.

Nieleze, maana watoto wa siku hizi wanajua mlio wa simu tu. Kwetu Walugbara mwanaume iko na cere yake, ukelele mrefu wa sauti nyembamba. Anaupiga akitoka sokoni au akienda ngomani, na watu wa mbali wanajua nani anakuja. Ni mali yake. Ukipiga cere ya mwenzako umetafuta vita. Ya mume wangu, alipokufa, ilienda kwa mwanangu mkubwa Nasur, aliyesilimu akaoa Sumayah, wakakaa Koboko. Lakini tangu mazishi Nasur hakuipiga hata siku moja.

Na Aliga hakumzika baba yake. Alikuwa ng'ambo ya mpaka akitafuta mbao, akafika siku ya tatu, akakuta udongo umeshakauka. Ndiyo maana hiyo kazi ilimshika hivyo.

Mabega yalitoka vizuri. Fundo la mti likawa bega la kushoto, lile lililoshuka kwa kubeba bunduki. Mdomo ukakataa. Sule, fundi wa kibanda cha jirani, aliingiza kichwa akacheka.

"Aliga, mzee wako anapiga miayo! Mpe chai!"

Aliga akakata tena. Mdomo ukawa wa mutu mwenye jino bovu. Akakata tena, ukawa wa mutu analia msibani. Na kila akikata, uso unapungua. Nilienda mwenyewe kupima: shavu limebaki unene wa kidole, na chini ya jicho ufa umeanza.

"Mama, nikikosea mara moja tena, uso unapasuka," akasema. "Kipande kingine cha huo mvule hakuna. Na maonyesho ni wiki ijayo."

"Umesahau sura ya baba yako?"

"Sura ninayo. Cere nilikuwa naisikia kutoka mbali, niko nyumbani na yeye yuko njiani. Sijawahi kusimama mbele yake akiipiga. Nani aliwahi?"

Mimi. Nilitoka naye sokoni miaka arobaini na miwili, kikapu kichwani.

Mwanamke hapigi cere ya mwanaume. Najua, msinifundishe. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, barabara imejaa watu. Nikavua viatu, nikashika nguzo ya kibanda, nikaipiga.

Sule aliangusha msumeno. Mzee mmoja wa ukoo wetu alisimamisha baiskeli, akauliza, "Nani anaita maiti?"

"Ni mimi. Pita."

Aliga alinitazama mdomo, akatikisa kichwa. "Tena, Mama." Nikapiga tena. Hakuona kitu. Sauti yangu ni ya mwanamke mzee, koo langu limelegea kama soksi.

Habari ilifika Koboko kabla sijavaa viatu. Saa nane Nasur alishuka kwenye pikipiki, kanzu imejaa vumbi.

"Mama, umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Kitu umefungia sandukuni, panya wanakula."

"Ni yangu!"

"Basi ipige."

Alitazama sanamu, yale mabega, akazunguka mpaka nyuma. Halafu akasema pole pole, "Na mwisho umekosea. Wameniambia umepandisha. Baba alikuwa anashusha."

"Alikuwa anapandisha! Mimi ndiye nilitembea naye!"

"Anashusha, Mama!"

"Anapandisha!"

Akainua kidevu, akaipiga, kunionyesha mimi ni mjinga. Ilitoka kibandani, ikapita juu ya mabati ya Onduparaka. Mwisho wake ilishuka. Sawa, alikuwa anashusha. Nimeandika mara moja, sirudii.

Aliga alikuwa amesimama mbele ya kaka yake, karibu kabisa. "Usiache," akasema. "Piga tena." Akamwekea vidole shingoni. Nasur akapiga, na mimi pia nikaona. Mdomo unafunguka kidogo tu. Kinachofanya kazi ni shingo: mishipa miwili inasimama kama kamba za ng'ombe, na koo linapanda chini ya kidevu.

"Kumbe miezi yote nilikuwa nakata pabaya," Aliga akasema.

Shingoni mti ulikuwa bado mnene, hakuwa amegusa. Alichonga siku tatu. Mdomo aliuacha vilevile, hata msasa hakupitisha. Na ule mdomo uliokuwa unalia, ukiwa juu ya shingo hiyo, unaita. Sule alikuja na maneno yake tayari, akasimama, akageuka kutazama barabara kama kuna mutu anakuja.

Nasur sasa anaipiga kila akifika njia panda ya Dadamu. Naweka maji motoni.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, vidole vyangu vinauma kwa ajili yako, usiende bure. Kama baba yako bado anapumua, nenda leo usimame mbele yake, umwambie apige cere yake. Kama kwenu cere hakuna, aimbe wimbo wake wa kulima. Tazama shingo. Halafu uje Dadamu, uulize nyumba ya Driwaru, unionyeshe umeona nini. Na usije mikono mitupu.