Besi Iliyokuwa Bado Moto

Sifichi kwamba najivunia maisha yangu. Nilitoka Musanda, nikajilipia masomo ya diploma ya maabara kwa kukata miwa ya watu, kisha nikapima maji katika nchi za Ghuba kwa miaka tisa. Niliporudi nilinunua shamba karibu na Lumakanda, huku Lugari, nikajenga nyumba ya mawe, na shule ya sekondari ya jirani ikaniomba niwe fundi wao wa maabara. Waliniomba wao. Mimi sikupeleka barua kwa mtu.

Mwaka wangu wa kwanza, mtihani wa taifa wa kemia ulitaka watahiniwa wachanganye asidi na besi, wapime joto linalotoka zinapokutana na kuuana makali. Mwalimu wa somo naye hufanya jaribio hilohilo, na majibu ya watahiniwa husahihishwa kwa kulinganishwa na yake. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza hiyo asidi na hiyo besi.

Mwalimu wetu wa kemia, mama wa makamo aliyezaliwa hapohapo Lugari, alinishauri nitengeneze besi jioni ya kuamkia mtihani. Nilimjibu kwamba besi nzuri ni ya asubuhi, mbichi, na kwamba kazi hiyo nimeifanya mbele ya wazungu na Waarabu na hakuna aliyelalamika. Hakubishana nami.

Asubuhi nikamimina chembe nyeupe kwenye ndoo ya maji, nikakoroga. Ndoo ikapata moto, kama kawaida ya chembe zile zinapoyeyuka. Kule Ghuba ningeweka chupa kwenye mashine ya kupoza, na baada ya dakika kumi kazi imekwisha. Kwa miaka tisa sikuwahi kungoja kitu kipoe, nami nilikuwa nimesahau kwamba kupoa kunahitaji muda. Watahiniwa wangeingia kwa vikundi viwili; nikajaza chupa za kikundi cha kwanza, nikazipanga mezani.

Kisha msimamizi wa mtihani akatufungia, mimi na madam wa kemia, katika chumba cha maandalizi. Sheria ni kwamba walioandaa kemikali hawatoki mpaka kikundi cha pili kimalize. Kufuli lilikuwa nje. Sisi tulikuwa na ndoo, beseni, meza, chupa ya chai, na kioo ukutani chenye ukubwa wa sinia, cha kuchungulia maabara.

Nilikuwa nachungulia pale msichana mmoja alipoinua mkono. Hatukumsikia, lakini aliishika chupa ya besi kwa viganja viwili, kama mtu anayeota moto. Msimamizi alitikisa kichwa, akamwonyesha karatasi: andika unachokiona.

Nikatumbukiza kipimajoto kwenye ndoo. Digrii thelathini na nane. Asidi ilikuwa ishirini na nne.

Madam alipima besi, akaongeza asidi, akasoma: arobaini na nne. Joto lilikuwa limepanda digrii sita tu, kwa sababu asidi baridi ilikuwa imeipoza besi yenyewe. Tukaweka ndoo ndani ya beseni la maji na kungoja. Kikundi cha kwanza kilipotoka, ndoo ilikuwa imeshuka hadi ishirini na tano. Akarudia. Joto likapanda digrii kumi na tatu.

"Nikipeleka kumi na tatu peke yake," alisema, "hawa ishirini waliotoka wataonekana hawajui kusoma kipimajoto."

Nikamwambia apeleke namba zote mbili, kila kikundi na yake.

"Zote mbili zinataka maelezo. Mbona besi moja ina joto mbili? Nani atayaandika?"

Nilipendekeza tuseme vipimajoto vya shule ni vibovu. Alicheka kidogo, bila furaha.

"Nyinyi mliotoka ng'ambo mnasemanga sana. Sasa sema."

Chumba kile ni hatua nne kwenda na nne kurudi, nami nilizihesabu. Nilifikiria mwalimu mkuu, aliyenitambulisha kwa wazazi kama mtaalamu wa kimataifa. Nilifikiria majirani, ambao nimewasimulia juu ya mashine za Ghuba mpaka wanazijua kwa rangi. Hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Nikagonga ule uliokuwapo.

Msimamizi alifungua nusu. Nikamweleza. Alinitazama, akatazama ndoo kwenye beseni, akanipa fomu ya maelezo na kusema niandike mwenyewe, kwa mkono wangu.

Niliandika kwamba besi ya kikundi cha kwanza ilitolewa ikiwa moto, kwamba watahiniwa walisoma sawasawa, na kwamba kosa ni la fundi. Nikaweka sahihi, na chini yake nikaandika diploma yangu, kwa herufi kubwa. Nimefanya kazi na mafundi wengi, hapa na kule, na sijamjua hata mmoja aliyewahi kuandika karatasi kama ile.

Msimamizi akaisoma mara mbili. "Hapa pa kosa, unapaacha hivi?"

"Paache."

Akaitia kwenye bahasha pamoja na majibu mawili ya madam, akaifunga kwa gundi. Kikundi cha pili kilikuwa kinaingia. Aliturudishia mlango, nikasikia kufuli likibanwa. Zilibaki saa mbili na robo.