Vituo Vitatu na Baba

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu gereji kule Södertälje, huku Sweden, na fundi aliponirudishia funguo, mikono yake ikaniletea harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa zaidi ya miaka arobaini: ile sabuni nzito ya mafundi, yenye chengachenga kama mchanga na harufu ya msonobari. Nikasimama pale kaunta, fundi ananitazama, mimi sipo. Nilikuwa nimesharudi kwenye benchi la mbao, miaka ya sabini, nina umri wa miaka kumi na saba, na kando yangu ameketi baba yangu, mikono imesuguliwa mpaka inang'aa, ananukia sabuni ile ile.

Nawaambieni, sijapata kuwa na mwaka wa furaha kama ule, wala mwaka wa haya kama ule.

Tulikaa Bredäng, kitongoji cha pembezoni mwa mji, ghorofa ya sita, katika yale majengo marefu ambayo tulipohamia yalikuwa mapya hata ngazi zilikuwa bado zinanuka rangi. Baba alikuwa fundi mitambo Tanga. Alikuja Sweden kwa mafunzo ya miezi tisa katika kiwanda cha malori cha Södertälje, miezi ikawa miaka, akatuita mimi na Mama. Mimi nilikuwa sekondari, na kwenye kipindi cha hesabu, niseme ukweli, nilikuwa msumbufu. Nilimaliza maswali kabla wenzangu hawajafungua madaftari, halafu nikaanza kupiga soga. Mwalimu wangu wa hesabu aliitwa Lennart, bwana mpole mwenye sweta moja la kijivu. Siku moja akaniambia nibaki baada ya kipindi, nikajua leo nimepatikana. Kumbe bwana yule alikuwa amezungumza na chuo kikuu mjini! Walikuwa tayari kunipokea kwenye kozi ya hesabu ya mwaka wa kwanza, saa za jioni, mara mbili kwa wiki, huku nikiendelea na sekondari yangu.

Chuo kikuu! Mimi, Rehema, niliyekuwa bado nafungwa skafu na mama yangu kabla ya kutoka! Nilikimbia kutoka shule mpaka kwetu bila kufunga koti, na lifti niliiona inachelewa, nikapanda ghorofa zote sita kwa ngazi.

Lakini mkuu wa shule aliweka sharti. Nitasamehewa vipindi vya hesabu vya shuleni, ila nikianguka mtihani wa kwanza wa chuo mwezi wa Januari, basi, chuo kwaheri, narudi kurudia hesabu za mwaka mzima pamoja na darasa la chini yangu. Na mimi nilivyo na mdomo, nilikuwa nimeshatangaza jengo zima, mpaka bibi wa Kifini wa ghorofa ya pili alikuwa ananiita profesa. Kuanguka kungekuwa aibu ya kuhama mji.

Baba aliisoma barua ya shule mara mbili, akaikunja vizuri, akaweka sharti lake juu ya lile la mkuu.

"Utakwenda," alisema. "Lakini mtoto wa kike hatazunguka mjini peke yake na giza hili la kwao. Nitakuwa nakusindikiza."

Mama alikuwa anakoroga mchuzi. Aligeuka akamtazama Baba, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea kukoroga.

Basi utaratibu ukawa hivi. Baba aliomba kazini awekwe zamu ya alfajiri. Ikifika alasiri hupanda treni kutoka Södertälje mpaka stesheni kuu. Mimi nami hupanda treni yangu ya chini ya ardhi kutoka Bredäng, ile niliyokuwa naipanda peke yangu tangu nina miaka kumi na miwili, kwenda maktaba na kuogelea. Tunakutana stesheni kuu chini ya saa kubwa. "Shikamoo Baba." "Marahaba." Kisha tunabadili treni na kwenda pamoja vituo vitatu vilivyobaki mpaka chuoni.

Siku ya kwanza Baba alivaa suti yake ya harusi na tai. Ratiba ilisema saa kumi na moja, na kwa Baba saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Kiwandani ukichelewa dakika mbili tu unaitwa na msimamizi. Tulisukuma mlango wa ukumbi dakika ile ile. Hamna mtu! Viti vitupu, ubao mweusi umefutwa, bomba la joto linalia peke yake kwenye kona. Nikahisi machozi. Nilidhani wamebadili mawazo, au Lennart alinifanyia mzaha. Baba akaenda kufungua mlango wa pili, wa tatu, mpaka stoo ya mafagio.

"Wazungu hawa," alisema, akitazama saa ya mkononi, "leo wamechelewa wao!"

Mara, ilipokaribia robo, wakamiminika wote kwa mpigo, vijana wenye nywele mabegani na vikombe vya kahawa mikononi, wala hakuna anayehema. Ndipo tulipofahamishwa kwamba chuoni kwao kila kipindi huanza robo saa baada ya muda ulioandikwa. Kila mtu anajua, na kwa sababu kila mtu anajua, hakuna anayemwambia mtu.

Mhadhiri alikuwa mama wa makamo, mrefu, akasema tumwite Gunnel tu. Nchi nzima ilikuwa imeanza kuitana kwa majina matupu. Baba hilo lilimshinda kabisa. Alimwita Mwalimu Gunnel siku zote. Pale mbele za watu alimwendea, akavua kofia, akanisukuma mbele kidogo na kumwambia kwa Kiswidi chake cha kiwandani, "Kuanzia leo huyu ni mtoto wako. Akifanya ukaidi, mwonye." Kwetu ndivyo mzazi anavyomkabidhi mtoto kwa mwalimu. Mama wa watu aligeuka mwekundu, akaniuliza taratibu kama nyumbani kuna matatizo. Haki ya Mungu, nilitamani sakafu inimeze.

Nilidhani atarudi nyumbani au atanisubiri kwenye mkahawa. Wapi! Alikwenda kuketi safu ya mwisho, kofia magotini, akatulia tuli mpaka mwisho. Na kipindi kilichofuata hivyo hivyo. Wenzangu wakamzoea, wakawa wanampungia mkono, na mimi nikawa naketi mbele kabisa ili nisimwone.

Tulikuwa tumeshaijua ile robo saa, lakini Baba hakukubali kuitumia. "Imeandikwa saa kumi na moja," alisema, na ndiyo yakawa maneno ya mwisho. Kwa hiyo kila mara tulikuwa sisi wawili na ukumbi mtupu kwa dakika kumi na tano. Baba huenda chooni kwanza na kikopo chake cha sabuni, akasugua mafuta ya mashine hata kwenye kucha, kisha akaja kuketi kando yangu kwenye benchi la mbele na kusema, "Haya, nieleze. Juzi alisema nini yule?"

Nilijua ananikagua. Nikawa najibu kwa mkato, naye hakubali mkato. "Kwa nini?" huuliza. "Hapo umeruka. Rudi nyuma." Nikirudi nyuma nagundua kweli nimeruka, wala sijui nimeruka nini. Ilinichoma, lakini lo, ilinifurahisha pia! Mambo yale yalikuwa yananiwasha kichwa. Shuleni hesabu zilikuwa njia za kupatia jibu. Hapa tulikuwa tunaulizwa jibu lenyewe linasimama juu ya nini. Nilikuwa natoka pale nikitembea upesi kuliko Baba, naongea peke yangu kwenye theluji.

Mwezi wa Novemba nikakwama. Tulifika kwenye vikomo, yaani pale unapothibitisha kwamba hesabu fulani inakaribia namba fulani, na Gunnel akajaza ubao kwa herufi za Kigiriki. Wiki mbili sikuelewa kitu. Januari ilikuwa inakuja. Nikaacha kumtania bibi wa Kifini kwenye lifti. Siku moja katika robo saa yetu Baba aliuliza swali lake la kawaida, nami nikalipuka.

"Sijui, Baba! Sielewi! Anasema nipewe kosa dogo kiasi chochote, halafu nitafute dogo jingine. La nini?"

Baba aliinuka. Kisha akachukua chaki, jambo ambalo hajapata kulifanya, akachora pini na tundu lake.

"Kazini," alisema, "mkaguzi ananiambia, kipuri hiki kikikosea kwa unywele mmoja, nakipokea. Zaidi ya hapo nakitupa. Mimi basi naibana mashine mpaka najua kosa halivuki unywele. Kesho anakuja anasema, sasa nataka nusu unywele. Naibana tena. Kama kila atakavyonibana naweza kuibana mashine ikamridhisha, kazi yangu ni sawa. Yule mama hasemi hivyo?"

Weee! Niliruka kwenye benchi. Ndivyo alivyokuwa anasema hasa! Nilimnyang'anya chaki nikaandika uthibitisho mzima, mara ya kwanza katika maisha yangu, na Baba nyuma yangu anasema, "Umeruka. Rudi nyuma." Wanafunzi walipoingia na kahawa zao walitukuta tunabishana kwa Kiswahili, tumejaa chaki mpaka kwenye nyusi. Gunnel alisimama mlangoni akatazama ile pini, muda mrefu, na hakuifuta. Jioni ile, nilipokwenda kuchukua makoti, niliwaacha yeye na Baba wanazungumza.

Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi, wa saa tano mfululizo, na kwa desturi ya pale unaruhusiwa kuingia na chupa ya kahawa na chakula. Mama aliamka akakaanga maandazi, akafunga mafungu mawili. Nikadhani la pili ni la Baba la kungojea. Mlangoni mwa ukumbi nikamwambia, "Haya Baba, niombee," nikaenda kuketi namba yangu. Kugeuka nyuma, namwona Baba anaingia, suti ile ile ya harusi, anakwenda safu ya mwisho, anaketi.

Leo atatolewa mbele za watu, nikawaza, na mimi nitafukuzwa naye. Msimamizi, bibi mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa anakwenda kwake moja kwa moja. Akainama. Baba akatoa kitambulisho. Bibi akatazama orodha yake, akaweka alama, akamwekea karatasi ya mtihani mezani.

Sikumbuki nilikaa nimegeuza shingo muda gani. Siku zile ulikuwa umeingia utaratibu wa kuwaruhusu watu wazima waliofanya kazi miaka mingi wasome chuo bila cheti cha sekondari, na Gunnel alimpa Baba fomu jioni ile ya pini. Mama alijua. Mimi peke yangu ndiye sikujua. Baba aliponiona nimekodoa macho, alinionyesha karatasi yangu kwa kidole: tazama yako.

Swali la nne lilikuwa la vikomo. Nililiandika lote, na kila mstari nilisikia, umeruka, rudi nyuma.

Majibu yalibandikwa ubaoni baada ya wiki mbili. Nilifaulu! Nilipiga kelele mpaka mtu akafungua mlango wa ofisi. Baba alinikumbatia, akacheka, kisha kidole chake kikaendelea kushuka kwenye orodha polepole. Alikuwa ameanguka, kwa alama chache.

"Si kitu," alisema. "Hapa kwao unarudia hata mara kumi." Akarudia. Alifaulu mara ya tatu, mwezi wa Mei, na Mama alipika pilau, tukamkaribisha hata yule bibi wa Kifini.

Hayo yote nilimsimulia binti yangu niliporudi kutoka gereji. Nikamweleza habari nilizozijua nilipokuwa mtu mzima, kwamba Baba alifaulu kuingia sekondari akiwa na miaka kumi na minne, na wiki ile ile babu akafa, Baba akabaki na wadogo watano wa kulisha, shule hakwenda. Nikamweleza jinsi nilivyomwonea haya. Nikasema labda ningemwelewa mapema kama asingekuwa mlinzi wangu mkali namna ile, asiyeniruhusu kutembea mjini peke yangu.

Binti yangu alikuwa anakata vitunguu. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi. Akaniuliza, bila hata kuinua kichwa, "Lakini Mama, kutoka Bredäng mpaka stesheni kuu ulikuwa unakwenda na nani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga, kama Mama kwenye mchuzi wake. Peke yangu! Zaidi ya miaka arobaini sikuliona hilo, na mimi ndiye niliyekuwa hodari wa hesabu. Baba hakuwa na wa kumpeleka shule. Alinihitaji mimi, kwa vile vituo vitatu.