Magazini Zilizong'aa

Mwanangu, siku niliyomnyima Sajini Mwirigi safari ya Nairobi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Usicheke. Nasikia umeingia timu ya bastola, kwa hivyo keti nikwambie.

Nilikuwa konstebo kijana, na timu yetu ya Meru ilienda Embu kushindana. Washindi wangefika fainali Nairobi. Sajini Mwirigi, kapteni wetu, alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu, na miaka yote ya kazi hakuwahi kufika fainali. Aliitaka sana, na hakutuficha.

Kabla ya safari nilipewa nafasi ya kuchagua magazini tatu, vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini wa bastola. Zile za mazoezi zilikuwa zimechubuka na kuandikwa nambari kwa rangi. Kando yake kulikuwa na mpya. Unajua sisi polisi tulivyofunzwa: kiatu king'ae, kifungo king'ae, hata kikombe cha chai king'ae. Tena mkubwa angetukagua kabla ya kupiga. Nikachukua mpya, nikazipaka mafuta mpaka zikameremeta. Nilijiona mjanja kweli!

Mkubwa alinisifu mbele ya wote. Nikaingia uwanjani kifua mbele. Magazini ya kwanza ilitema risasi mbili, risasi ya tatu ikakwama. Nikaitoa, nikaingiza ya pili. Uwanja ulikuwa vumbi tupu, na vumbi lilikuwa limeganda kwenye yale mafuta yangu. Nayo ikakwama. Muda uliisha nikivutana na bastola, na Embu wakatupita kwa pointi chache. Nililia palepale bila haya.

Sajini aliokota magazini moja, akaigeuza mkononi.

"Konstebo, hii umewahi kuipiga?"

"Hapana, afande."

"Hata risasi moja?"

"Hata moja."

"Sasa ulichagua na nini, macho? Risasi haijui kama hii kitu ni smati."

Mwezi huo akastaafu, akarudi kwao Mitunguu, kwenye shamba lake la ndizi.

Nilijikasirikia vibaya, nikaapa haitatokea tena. Mwaka mzima kila magazini niliyoigusa niliipa nambari, nikaijaza, nikaipiga mpaka ikaisha, halafu tena na tena. Iliyokwama mara mbili niliitenga, hata kama ilitoka dukani jana. Ikianguka chini nilitazama kama mdomo wake umepinda, kisha nikaifuta kwa kitambaa kikavu. Wenzangu waliniita mama magazini. Waache waite.

Mashindano yaliyofuata tulishinda. Nikiwa njiani kwenda fainali nilipitia Mitunguu nikamwambie Sajini. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

"Sasa umeenda," akasema. "Hata mimi ningependa kuenda."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo maneno yake yaliponichoma.

Basi, mwanangu, usimwachie mtu mwingine kazi ya kukujaribia magazini, wala usipeleke mashindanoni hata moja ambayo hujaipiga mara nyingi kwa mkono wako. Iliyochubuka na inafanya kazi, ibebe. Inayong'aa na hujaijaribu, iache nyumbani. Mungu aitulize mikono yako, akupe subira ya kurudia kazi ileile kila siku, na asikupe kamwe mzee wa kumwomba msamaha kama niliyempata mimi.