Mkono wa Mama Mkwe

Mkono wa mama yangu ulifungwa kipimo cha presha kwa mara ya kwanza asubuhi ambayo tayari ulikuwa umepooza. Aliyeufunga ni mume wangu. Kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa akimtibu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumekodi vyumba viwili Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, kimoja cha kutibia na kingine cha dawa. Mume wangu hakuwa daktari kamili, lakini mji mzima ulimwita daktari na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha. Alikuwa makini. Wachimbaji wa mawe, madereva wa malori ya saruji, wajawazito, wote aliwapima presha kabla hata ya kuwauliza shida zao. Mimi nilipokea wagonjwa na kutoa dawa, kwa hiyo niliona mengi.

Mama alikuja kutoka Kajiado karibu kila mwezi. Hakuingia ndani. Kwetu Wamaasai, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakati wa posa mume wangu alimpa mama kondoo, na tangu hapo wakawa wanaitana Paker, jina la hiyo zawadi, ili wasitajane majina. Mama alikaa kwenye kigoda nje, chini ya dirisha. Mume wangu alisimama ndani, macho yake kwenye kabati la dawa. Mimi nilikaa katikati kupitisha maneno, ingawa walisikiana vizuri kabisa.

"Muulize Paker kama ako na joto mwilini."

"Mwambie Paker joto ni la hapa Kitengela. Kajiado sikuwa nalo."

"Na kichwa?"

"Kimekaza huku nyuma. Na asubuhi nikifungua zizi, mbuzi mmoja naona wawili. Wangekaa hivyo ningekuwa tajiri."

Mume wangu alicheka, kisha akasema ni malaria, na labda taifodi. Miaka ile malaria na taifodi zilibeba lawama ya kila kichwa kilichouma. Nilimpa mama vidonge kupitia dirishani. Kichwa kilitulia kidogo, kikarudi, naye akarudi.

Mkabala nasi kulikuwa na mama Msomali mwenye duka la nguo, ambaye pia hakutaka kushikwa na mwanamume asiye wake. Yeye alikuja na bintiye. Binti alimfunga kitambaa cha kipimo nyuma ya pazia, akashikilia chuma cha kusikilizia pale kwenye kiwiko, na mume wangu akajaza upepo na kusikiliza akiwa upande wa pili. Presha ilikuwa juu. Alianzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Nilipoona hivyo nikamwambia mume wangu tumfanyie na mama, nitamfunga mimi.

"Halafu mimi nisikilize damu ya Paker?" alisema. "Hata kama ni kwa mpira, huko ni kumshika. Na presha gani? Hiyo ni ya wenye vitambi. Yeye anashinda na mbuzi kutwa nzima."

Nikamwomba mama aende hospitali ya Kajiado, apimwe na mtu baki. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nipange foleni huko, watu waseme mkwe wangu hajui dawa? Wewe mtoto, unataka kumwaibisha bwana yako?"

Hata wauguzi waliofika karibu na boma letu kuchanja watoto, na ambao wangempima bila taabu, aliwajibu kwa kidevu juu: "Mimi niko na daktari wangu. Wa nyumbani." Kumwona mkwe wake akiitwa daktari ndiyo ilikuwa fahari ya maisha yake. Yeye alimlinda mkwe, mkwe naye akamheshimu, na ugonjwa ukapata nafasi ya kukaa.

Asubuhi yenyewe alikuwa kwenye kigoda, anakunywa chai. Nilisikia kikombe kikianguka. Nilipotoka, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia umening'inia. Nilipiga kelele. Mume wangu alifika mlangoni, akasimama. Nilimwona akiangalia chini, kama alivyozoea. Kisha akainama, akambeba mama mikononi kama anavyobebwa mtoto, akamlaza kwenye kitanda cha wagonjwa. Alimfunga mkono ule uliopooza. Zebaki ilipanda karibu na juu kabisa. Akaifungua hewa, akapima upya mkono wa pili.

Mama alikuwa akimtazama usoni. Sidhani aliwahi kumwona kwa karibu namna ile.

Hospitalini daktari aliuliza presha ilianza lini. Mume wangu akasema hatujui.

"Hakuwa anaenda kliniki?"

"Alikuwa anakuja kwangu."

Daktari akaandika hilo kwenye faili.

Mama alirudishwa Kajiado akiwa hawezi kusema. Wazee wa ukoo wetu walikaa na mume wangu wakamweleza, bila ukali, kwamba amemshika mama mkwe, na hata kama ilikuwa ni kumwokoa, jambo hilo lina njia yake. Alete mtamba, na mama atamke kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amempokea. Alileta mtamba mwekundu, mzuri. Walimsimamisha mbele ya mlango ili mama amwone kutoka kitandani. Mama alifungua mdomo. Sauti ilitoka, lakini halikuwa neno. Mjomba wangu akasema tungoje, maneno yatarudi.

Mama alifariki kabla ya mvua za vuli.

Mjomba anasema mtamba ambaye hakupokelewa ni wa mwenyewe, arudi Kitengela. Kaka yangu anasema mama alimpokea kwa macho, kila mtu aliona. Mume wangu hataki kumchukua, na hataki kuzungumza habari yake. Mtamba alikua, akazaa, na sasa yuko na ndama wake katika zizi la mama. Ng'ombe wengine wote pale wamekatwa alama ya mwenye mali masikioni. Masikio ya hao wawili hayajaguswa.