Usukani wa Katekista wa Kwanza

Watu wa Ufipa wakipata baiskeli ya mashindano, ile yenye usukani uliopinda kwenda chini, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuugeuza. Ncha zinatazama juu kama pembe, na mpandaji anakaa wima, anaona njia na kusalimia watu vizuri. Siwalaumu. Mwenye gunia la maharage nyuma hawezi kuinama kama mtu anayekimbizwa. Lakini ncha zikitazama juu mvua inaingia, maji yanalala ndani ya bomba, na chuma kinaliwa polepole huku nje kikiendelea kung'aa. Ndiyo maana usukani wa chuma wa zamani ni nadra kwetu. Ukikuta mmoja mzima, mshukuru Mungu, kisha uangalie vizuri kama kweli ni wa zamani.

Kuangalia huko nilifundishwa na padre mmoja mmisionari, nilipokuwa kijana wa karakana ya misheni, kabla sijawa katekista. Ujanani mwake, huko kwao, alikuwa mshindani wa baiskeli. Alipenda kunipa usukani mkononi na kuniambia nikae nao kwanza, nisiseme kitu. Alisema anayeharakisha huona kile anachotamani kuona. Nikishatulia ndipo tulianza: je, ni chuma kilichopakwa kromu, au ni alumini nyepesi iliyokuja baadaye? Katikati pana nembo iliyochongwa, au pako wazi? Kisha tulihamia kwenye shingo, kile kipande kinachoushika usukani na kuushikiza kwenye baiskeli. Shingo za zamani zina bolti ambayo kichwa chake kimesimama juu, unaikaza kwa spana ya kawaida. Za baadaye kichwa kimezama ndani, na bila ufunguo wa pembe sita huifungui. Dalili ya mwisho ilikuwa mfereji mwembamba upande wa chini wa usukani, wa kupitishia waya wa breki. Mfereji huo ulianza kuonekana miaka ya themanini. Mpaka leo namwombea padre yule, maana alinifundisha uvumilivu kwa njia ambayo mahubiri peke yake yasingeweza.

Mwaka huu kigango chetu kimefanya jubilei. Paroko aliomba vitu vya waamini wa kwanza viletwe vipangwe kwenye meza ukumbini, na akanikabidhi mimi kazi ya kuvipokea. Zililetwa rozari, vibuyu, kengele ya mkono. Kisha akaja kwa basi kutoka Namanyere binti wa katekista wa kwanza wa kigango hiki, mama mzee kuliko mimi, amebeba kitu kirefu alichokifunga kwa kitenge. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba hata kabla hajakaa, akafungua kitenge palepale.

Ulikuwa usukani pamoja na shingo yake. Alinieleza kwamba baba yake aliizunguka Ufipa yote kwa baiskeli yenye usukani huo, akifundisha watu sala, na kwamba alifariki katikati ya miaka ya sabini, yeye akiwa ameshaolewa mbali. Wajukuu wa baba yake hawakumwona. Baadhi yao, alisema, wanadhani historia ya kanisa hapa ilianza na jengo la matofali. Alitaka wauone usukani huu na waushike, wajue babu yao alikuwa mtu wa kweli. Kadi ya kuweka mezani alikuwa ameshaiandikisha kwa mwandiko mzuri: usukani wa katekista wa kwanza.

Nikauchukua, nikakaa nao.

Shingo ilikuwa ya chuma, na kichwa cha bolti kimesimama juu, pembe zake zimelika kwa spana. Nilifurahi. Lakini usukani ulikuwa mwepesi mno. Nilipitisha kidole upande wake wa chini, na kidole kikaingia kwenye mfereji. Nikarudia mara ya pili, nikitamani niwe nimekosea.

Sikupenda kusema, lakini jubilei ni sadaka, na huwezi kumtolea Mungu neno usilolijua kuwa kweli. Nikamweleza taratibu: shingo inaweza kabisa kuwa ya baba, lakini usukani wa namna hii ulikuwa haujatengenezwa alipofariki.

"Kwa hiyo nimepanda basi toka Namanyere kuja kuambiwa na mdogo wangu kwamba sina kitu."

"Dada, sijasema huna kitu. Nimesema huu si wa baba."

"Basi ni wa nani? Umetolewa nyumbani kwa mama, ulikuwa juu ya dari."

Nikamwomba ruhusa ya kuufungua, akaniitikia kwa kichwa. Nilipolegeza bolti ya mbele ya shingo, kikadondoka kibati chembamba kilichopindwa kama pete. Nilijua kazi yake: usukani mpya ulikuwa mwembamba kuliko ule wa kwanza, hivyo mtu alijaza nafasi iliyobaki ili usizunguke. Kilikatwa kwenye kopo la maziwa, herufi za rangi bado zilionekana. Kilichonishangaza ni kingo zake. Zilikuwa za menomeno madogo, yaliyolingana, kama pindo la kitambaa.

Nikamwekea kiganjani. Akakigeuza, akakisogeza karibu na macho, halafu akaanza kucheka peke yake, akisema jambo kwa Kifipa.

"Hii ni kazi ya mkasi wa meno wa mama," akaniambia. "Alikuwa anashona vitambaa vya altare. Alitupiga marufuku kukatia hata karatasi. Kumbe yeye alikatia kopo!"

Kicheko kilipomwisha alisema anakumbuka kusikia kwamba mama yake, baada ya kufiwa, alionekana akipanda baiskeli kwenda vijiji vya mbali, na watu wakamsema, mjane mzima juu ya baiskeli. Yeye binti aliona aibu huko kwa wakwe zake. Alidhani mama anakwenda kupeleka nguo za watu. Hakuwahi kumuuliza.

Mimi nilihamia kigango hiki mama huyo akiwa ameshafariki, lakini nilikuta vijiji ambako wazee walijua sala zote, na walipoulizwa nani aliwafundisha walijibu tu, "Mama." Nilidhani kila mmoja anamtaja mama yake mzazi. Nikamwambia hayo. Nikamwonyesha pia ncha za usukani: zimegeuzwa juu, kama tunavyofanya wote, lakini zote mbili zimezibwa kwa nta ya mshumaa. Usukani wa baba bila shaka uliliwa na mvua. Mama aliona, akajifunza, akaziba, na pengine alitumia masalia ya mishumaa ya altare aliyokuwa akiitunza. Nimeona sukani nyingi maishani mwangu. Sijaona mwingine uliotunzwa kwa akili hivyo.

Dada yule aliichukua kadi yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Rudisha kibati mahali pake, kama alivyokiweka," alisema. "Na usiandike kitu. Nitasimama hapo mwenyewe."

Siku ya jubilei alisimama kando ya meza tangu misa ilipokwisha, akikataa kiti. Wajukuu walipomfikia alishika mikono yao, akaiweka kwanza kwenye shingo, akasema huyu ni babu, kisha akaiteremsha kwenye usukani, akasema huyu ni bibi. Kina mama wa jumuiya walijazana nyuma yao kuliko watu wengine wote. Mmoja alitaka kujua bibi alipandaje akiwa na gauni refu, na dada yule, pamoja na uzee wake, akashika pindo la kitenge alichovaa kuwaonyesha.