Kuwauliza Waliotangulia Chuoni

Miaka ya hamsini, nilipopata nafasi ya kwenda chuo kikuu kule Uganda, baba yangu hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa mkulima wa Kilolo. Mama alishafariki, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani. Akaniambia, "Wapo waliokwenda wakarudi. Kawaulize wana kazi gani, na kama masomo yao yamewaridhisha. Ukirudi tutaongea."

Nilikasirika, jamani! Wavulana wakipata nafasi wanachinjiwa mbuzi, mimi naambiwa nikaulize watu. Lakini baba yangu habishiwi. Nikapanda lori la viazi hadi Iringa mjini.

Wa kwanza alikuwa mwalimu, kijana wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani kuja kufanya biashara. Nilikaribishwa chai na maandazi, baba yake kaketi pale pale. "Alhamdulillahi, nimeridhika sana, dada yangu," akanijibu, na mzee akatabasamu hadi nikamwonea raha. Nikashukuru, nikaaga.

Kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Mwalimu akanisindikiza, na tulipoiacha nyumba nyuma, akabadilika sauti. "Dada, nafundisha pamoja na Mzungu mwenye shahada kama yangu. Yeye ni bwana. Mimi ananiita boi, tena mbele ya wanafunzi."

"Sasa mbona ndani hukusema?"

"Mbele ya baba aliyenisomesha? Wewe vipi!"

Mbeya, pale Ilomba, nikamkuta daktari kijana kwa wazazi wake, anapukuchua mahindi na mama yake. Naye ndani akamshukuru Mungu, ameridhika. Njiani akaniambia, "Wenzangu niliochunga nao wakija, wananipa kiti, wao wanakaa kwenye mkeka. Halafu wananyamaza. Nimekichoka kile kiti, dada."

Kumbe bure nilifurahia yale majibu ya ndani. Ila wote wawili niliwauliza tena, kwa hasira kidogo: kama ni hivyo, mngerudishwa nyuma, mngekataa kwenda? Daktari akatikisa kichwa. Mwalimu alikuwa amecheka tu, akasema angekwenda tena, tena mbio.

Safari nzima ya kurudi nilibishana na nafsi yangu, na nilipofika Kilolo nilikuwa nimekata shauri: nitamwambia baba yale ya ndani, basi. Nikamsimulia, kazi zao, kuridhika kwao, shukrani zao kwa Mungu. Akasikiliza huku akisogeza kuni motoni.

"Vizuri," akasema. "Na walipokusindikiza, walisema nini?"

Mungu wangu! Nilisahau kwamba na yeye amesindikiza wageni maisha yake yote. Nikamweleza yote, habari ya boi na habari ya kiti, nikiona chuo kinaniponyoka hivi hivi.

"Yupo aliyesema bora asingekwenda?"

"Hayupo, baba."

"Uliwauliza?"

"Niliwauliza."

Akainama kuchochea moto. Nilidhani ananipangia maneno ya kunikatalia, nikaanza kukusanya ya kwangu ya kumjibu.

"Nilikutuma ukanitafutie sababu ya kukuzuia, mwanangu," akasema. "Umeikosa. Nenda."

Wiki zote hizo nilikuwa nalitafuta neno hilo moja. Nilipolipata, nililia kama niliyekatazwa.